Pikipiki inayozima mlimani: ni petroli, umeme au injini yenyewe?

Ukitoka Himo kupanda Marangu, ukapita Mwika na kuendelea Rombo hadi Tarakea, pikipiki nzima ya cc 125 au 150 hupanda hata ikiwa na abiria na gunia la mahindi nyuma. Itachoka, utashusha gia, pengine utapandisha kwa gia ya pili kilomita kadhaa, lakini haitazima. Kwa hiyo ikizima, usiusingizie mlima. Moshi mjini ni kama mita 850 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu la Hifadhi ya Kilimanjaro ni karibu mita 1,900. Katika kupanda huko hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi, na nguvu ya injini hupungua kwa kiasi hichohicho. Upungufu huo peke yake hauzimi injini.

Mlima huanika ubovu uliokuwepo tangu mjini. Kwenye tambarare ya barabara ya Moshi–Arusha injini haiombwi nguvu zake zote, hivyo jeti (kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta) iliyoziba kidogo, koili (inayozalisha umeme wa plagi) iliyoanza kuchoka au tapeti (kisukumio cha valvu, milango ya hewa na moshi ya silinda) iliyobana haitoi dalili. Ukianza kupanda, mkono wa mafuta umefunguliwa karibu wote, mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa kupoza silinda ni haba, na petroli inayohitajika imeongezeka maradufu. Hapo kila kidonda kinatoneshwa.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta, silinda moja, zinazopozwa kwa upepo: Boxer, TVS, SanLG na ndugu zao. Zenye nozeli, yaani zinazopuliziwa petroli kwa pampu badala ya kabureta, zina sehemu yao fupi huku chini.

Dakika mbili za kwanza

Ushahidi hupotea haraka. Injini ikipoa, koili mbovu huanza kutoa cheche tena, valvu iliyobana hufunga tena, na petroli iliyokuwa ikikawia hujaa yenyewe kwenye bakuli la kabureta. Ukikaa kivulini nusu saa kisha ikawaka kwa kiki moja, hujajua lolote, na itazima tena mbele ya safari. Sogea pembeni kabisa mwa barabara, mbali na kona, simamisha kwa stendi ya kati, kisha fanya haya kwa mpangilio huu.

1. Kumbuka ilivyozima. Ilikohoa, ikasitasita, ikaishiwa pumzi? Anzia kwenye petroli. Ilikata ghafla kama umefunga ufunguo? Anzia kwenye umeme. Ilizidi kuwa nzito, ikatoa mlio mkavu wa chuma na harufu ya kuungua? Usiguse kiki, nenda sehemu ya mwisho.

2. Funua kifuniko cha tangi taratibu, sikio likiwa karibu. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti ya "fyuu", jibu umeshalipata: tundu la hewa la kifuniko limeziba.

3. Ufunguo ukiwa umezimwa, kanyaga kiki polepole kwa uzito wa mguu, usiipige. Injini nzima hufika mahali ikagoma, ikakusukuma mguu, ndipo ikapita. Kiki ikishuka nyepesi kama ya baiskeli, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imepotea.

4. Pima cheche kwa plagi ya akiba. Usifungue iliyomo: hedi (kichwa cha silinda) ni ya alumini, na kufungua plagi ikiwa ya moto sana huharibu nyuzi zake. Chomoa kofia ya plagi, chomeka plagi ya akiba, gusisha chuma chake kwenye hedi mahali palipo safi pasipo na rangi. Ishike kwa pulaizi yenye mpini wa mpira. Washa ufunguo, hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia iko mahali pake, piga kiki. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, yenye mlio wa "ta, ta". Ya njano au nyekundu, nyembamba, inayoruka mara moja moja, ni dhaifu hata kama ipo. Plagi isiyogusa chuma vizuri inaweza kuua CDI (kisanduku cha umeme kinachoongoza cheche), kwa hiyo usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia.

5. Mwisho, petroli. Zima ufunguo, legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa safi ya plastiki. Bakuli likitoa petroli ya kutosha kisha mkondo ukaendelea, petroli inafika. Likitoa matone machache kisha kimya, haifiki. Tunaiweka baada ya cheche kwa makusudi: cheche na petroli iliyomwagika havikai pamoja.

Hatua hizo zikikamilika utakuwa na majibu matatu: cheche ipo au haipo, petroli ipo au haipo, kompresheni ipo au haipo. Mafundi wengi wa barabarani huruka hapa wakaanza kuzungusha skrubu za kabureta. Mkatalie kwa upole. Skrubu ikishazungushwa, umepata tatizo la pili juu ya la kwanza.

Inakohoa, inaishiwa pumzi, inazima katikati ya mpando

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake mara nyingi ni cha shilingi chache.

Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupitisha hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi hujivuta ndani na petroli hukataa kushuka. Pikipiki inakwenda vizuri dakika 15, 20 au 40 kutegemea tangi limejaa kiasi gani, kisha inakohoa na kuzima. Ukisubiri kidogo inawaka. Tundu huzibwa na vumbi lililochanganyika na mvua, au kava la ngozi bandia linalovalishwa tangi, au, na hili ni la kawaida sana kwa bodaboda, kipande cha mfuko wa nailoni kilichowekwa chini ya kifuniko ili petroli isimwagike. Ondoa nailoni hiyo. Pitisha waya mwembamba kwenye tundu, puliza kwa mdomo upande wa ndani: pumzi ipite. Kama ni mbali na nyumbani na tundu halizibuki, endesha huku kifuniko kimelegezwa, tangi lisiwe limejaa, na usivute sigara karibu.

Kama kifuniko hakina shida, pima mkondo. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa ya maji ya nusu lita, fungua koki kwa dakika moja kamili. Hesabu yake ni hii: pikipiki ya cc 150 ikipanda na mzigo kwa kilomita 40 kwa saa inaweza kunywa kama lita 2 hadi 2.5 kwa saa, yaani takriban mililita 40 kwa dakika. Koki nzima ya kufungua kwa mkono hutoa mara kadhaa ya hapo. Ikishindwa kufika robo ya chupa kwa dakika, kuna kizuizi, hata kama petroli "inatoka". Rudia kipimo kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa wazi. Tofauti yoyote inarudi kwenye lile tundu.

Kizuizi chenyewe kiko wapi? Chujio dogo la plastiki kwenye mpira wa petroli likigeuka kahawia, badilisha. Kulipuliza ni suluhisho la siku moja. Chujio la ndani ya tangi, lililo juu ya koki, hukusanya kutu na rangi ya tangi iliyobabuka, na ili ulifikie lazima umwage petroli na kufungua koki. Mpira wenyewe ukikunjwa kwenye kona, au ukigusana na silinda ya moto, huleta shida ya pili: petroli hugeuka mvuke ndani yake na mapovu huzuia mkondo. Upitishe mbali na chuma cha moto, ukishuka bila kona ya kupanda.

Mpando mkali nao huisogeza petroli ndani ya tangi. Ikiwa imebaki lita moja na nusu, mdomo wa koki unaweza kubaki juu ya petroli ingawa ukitikisa unaisikia ikichapachapa. Geuza koki iwe riziva kabla hujaanza kupanda, siyo baada ya kuzima. Na kabla ya Rombo au ukingo wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu ukielekea Karatu, jaza kituoni.

Tunasema kituoni kwa sababu ya petroli ya chupa. Ile inayouzwa kando ya njia vijijini huokoa safari, lakini ndiko maji yanakoingilia: chupa imesimama mvuani, dumu halikukaushwa. Chukua chupa uliyokingia kwenye bakuli la kabureta, iinue kwenye mwanga, itulize dakika moja. Maji hayachanganyiki na petroli, na ni mazito zaidi. Utayaona chini yakiwa shanga ndogo zinazoviringika ukiinamisha chupa, au tabaka lenye mstari ulionyooka. Ukiyaona, endelea kumwaga mpaka itoke petroli tupu. Kama hayaishi, tangi zima limwagwe. Jeti ndogo ya kabureta ina tundu lisilofika hata nusu milimita, na tone moja la maji linatosha kuliziba.

Kuhusu usafishaji wa jeti: zifungue, zitazame dhidi ya mwanga, puliza kwa dawa ya kabureta au hewa ya pampu. Kama lazima uchomeke kitu, tumia uzi mmoja wa shaba uliotolewa ndani ya waya wa umeme. Waya wa chuma au wa breki huongeza upana wa tundu, na kuanzia siku hiyo pikipiki inakunywa petroli bila fundi yeyote kujua sababu.

Floti, kielea kinachopima petroli ndani ya bakuli, nayo iangaliwe. Ikikaa chini kuliko inavyotakiwa, bakuli halijai na injini inakosa petroli kwenye mpando mrefu tu. Ikikaa juu, au uchafu ukibana sindano yake, petroli inafurika na kutiririka kwenye mpira wa kumwagia, hasa ukiteremka. Ukiona matone hayo ukiwa safarini, gonga bakuli kidogo kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi uchafu huachia.

Inakata ghafla, kama umefunga ufunguo

Hapa petroli haihusiki. Angalia kama taa za dashibodi na honi zinafanya kazi.

Zikizima zote, shida iko kwenye njia kuu: fyuzi, vichwa vya betri au swichi ya ufunguo. Skrubu za betri hulegea kwa mtikisiko wa changarawe, na waya ukigusa na kuachia injini hukata na kurudi. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Ukiweka karatasi ya sigara au waya mnene, umeondoa kinga, na kinachofuata kuungua ni mkongo mzima wa nyaya chini ya tangi.

Taa zikiwaka lakini cheche hakuna, fuata nyaya za kuwashia. Anza na swichi nyekundu ya kuzimia kwenye mkono wa kulia, kisha swichi ya stendi ya pembeni kama pikipiki yako inayo. Tope likikauka juu yake inadhani stendi imeshushwa. Ukifanikiwa kuiwasha, iache ikiwa sailensa (ikinguruma yenyewe bila kupewa mafuta) na ugeuze usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Ikizima, nyaya zinazopita kwenye shingo ya usukani zimekatika ndani ya ganda. Tikisa ufunguo bila kuugeuza. Bonyeza kila soketi kwa kidole.

Pikipiki nyingi za mkopo zimefungwa kifaa cha GPS chenye relei ya kukata umeme, na nyingine zina alamu. Viungo vyake mara nyingi vimesokotwa na kuzungushiwa tepu tu. Hata mwenye pikipiki hulisahau hili, na fundi hubadilisha CDI mbili kabla ya kufunua kiti akaona kiungo kilichooza. Fuata waya wa kifaa hicho mapema. Kama relei ndiyo mbovu, mpigie mwenye mkopo kabla ya kuigusa.

Inazima ikipata moto, ikipoa inawaka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu magonjwa mawili tofauti yana sura moja. Koili, au pulsa (kihisio kinachoiambia CDI wakati wa kutoa cheche), inayokufa kwa joto huzima pikipiki baada ya nusu saa ya kupanda na kuiacha iwake ikipoa. Tapeti iliyobana hufanya vivyo hivyo. Kinachotofautisha ni ile hatua ya tatu na ya nne ya dakika mbili za kwanza, na lazima zifanywe injini ikiwa bado ya moto.

Cheche haipo, kiki ni nzito kama kawaida: ni umeme. Ndani ya koili kuna waya mwembamba sana, na ukiwa na ufa, joto huutanua ukaachana. Ukipoa unagusana tena. Lowesha kitambaa, kizungushe kwenye koili ya plagi (ile iliyo chini ya tangi, wala si kwenye silinda), subiri dakika tatu hadi tano. Cheche ikirudi mapema hivyo, mhalifu ni koili. Isiporudi, shaka iko kwa pulsa, ambayo kwenye pikipiki nyingi imejificha ndani ya kifuniko cha sumaku (gurudumu la kuzalisha umeme linalozunguka na injini), pembeni mwa oili ya moto, au kwa CDI. Pulsa hupimwa kwa mita ya umeme kwenye soketi yake: andika omu zake ikiwa ya baridi, kisha pima mara tu inapozima. Ikiwa ya moto inaonyesha njia imekatika kabisa, badilisha. Kupima ikiwa ya baridi peke yake hakukuambii kitu, na ndiyo maana pikipiki hutoka gereji ikiambiwa ni nzima.

Cheche ipo ya buluu, lakini kiki imekuwa nyepesi: ni tapeti. Kadiri injini inavyofanya kazi, uso wa valvu na kiti chake hulika, valvu hupanda juu kidogo kidogo, na nafasi kati yake na tapeti huisha. Injini ikipata moto shina la valvu hurefuka, nafasi iliyobaki inakuwa sifuri, valvu inabaki imeachama unywele mmoja. Kompresheni inavujia hapo. Ya ekzosi ndiyo huanza, kwa kuwa inapitisha moto. Ishara ya mapema ni sailensa inayopotea ikiwa ya moto, na fundi kukaza skrubu ya sailensa kila wiki ili kuificha. Ishara nyingine ni ukimya. Injini hizi zikiwa na mlio mdogo wa "tiki tiki" juu ya hedi ni afadhali kuliko iliyo kimya kabisa.

Kurekebisha hakuhitaji kufungua injini, ila ipoe kabisa, bora iwe imelala usiku kucha. Fungua vifuniko viwili vya tapeti na kile cha kuangalia sumaku upande wa kushoto. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Zungusha sumaku mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kifuniko, kisha shika tapeti zote mbili kwa vidole: zinatakiwa zicheze kidogo. Moja ikiwa imebana, usidhani ndiyo mbovu; pengine uko kwenye mzunguko usio sahihi, kwa hiyo zungusha tena raundi moja kamili na uangalie upya. Injini nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka milimita 0.05 hadi 0.08 upande wa kuingizia na 0.08 hadi 0.10 upande wa ekzosi. Kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Kaza nati huku umeshikilia skrubu isizunguke, kisha pima tena, maana kukaza nati hubadilisha nafasi karibu kila mara. Tapeti ikirudi kubana baada ya wiki chache, valvu au kiti chake kimeliwa na hedi lazima ishuke.

Mvua na ukungu

Wakati wa masika, au asubuhi za Juni na Julai juu ya Mwika na Mkuu, adui ni kofia ya plagi na waya wake. Umeme wa plagi ni wa volti maelfu, na maji huupa njia fupi ya kwenda kwenye fremu. Wakati wa giza, injini ikiwa inanguruma, utauona: vicheche vya buluu vikitambaa juu ya waya. Mchana, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kwenye waya na kofia huku injini ikiwa sailensa. Ikianza kumisi (kurukaruka), umepata. Kofia nyingi zimefungwa kwa kuzungushwa kwenye waya: ifungue, kata milimita 5 za ncha ya waya ili ufikie shaba safi, irudishe. Kofia yenye ufa itupwe.

Kwenye ukungu mzito wa baridi kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii hapa kwetu. Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto, na koo la kabureta linaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri hata kama nje ni nyuzi 8 au 10. Unyevu wa ukungu huganda humo. Sailensa inashuka taratibu, injini inazima, cheche ipo na petroli ipo, na baada ya dakika kumi za kusimama inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kuwa joto la silinda limeyeyusha barafu. Hakuna cha kurekebisha. Endesha kwa gia ndogo kidogo ili injini ibaki ya moto.

Inazima ukiachia mafuta, au ukiteremka

Kama inavuta vizuri lakini inazima unapofunga mafuta kwenye kona za kushuka kutoka Marangu, jeti ndogo ya sailensa imeziba au sailensa imewekwa chini mno. Nyingi hutaka mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa ya wizi inaingia: sailensa inapanda, inashuka, inazima. Paka maji ya sabuni juu yake injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, ufa uko hapo.

Choki iliyosahaulika nayo huzima injini mara tu ikipata moto, kwa moshi mweusi. Kuna pia klachi isiyoachia: inazima ukisimama tu ikiwa kwenye gia, wakati kwenye fri (bila gia) inanguruma vizuri. Legeza au kaza kebo mpaka mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha.

Usiteremke mlima huku umezima injini ili kubana petroli. Breki zinabaki peke yake, zinapata moto, na zinaacha kushika.

Mwinuko wenyewe

Hewa ikipungua na petroli ikibaki ileile, mchanganyiko unakuwa mzito: plagi inakuwa nyeusi ya masizi makavu, moshi unakuwa na harufu ya petroli, injini inakuwa nzito kuvuta. Kwa safari ya siku moja hadi Rombo au Karatu, usibadili jeti. Safisha chujio la hewa, kwa sababu lililoziba hufanya kilekile unachokilaumu mwinuko. La sponji lioshwe kwa sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke, lipakwe oili kidogo. La karatasi ligongwe taratibu. Likiwa jeusi, jipya. Kulitoa kabisa "ili ipate hewa" ni kuingiza vumbi la volkano kwenye silinda, na njia za Engaruka au Ngarenanyuki zina vumbi la kutosha kumaliza ringi mapema.

Anayeishi na kufanya kazi juu daima anaweza kuhamisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja kwenda juu: sindano inashuka, petroli inapungua. Skrubu ya mchanganyiko inataka uangalifu. Iliyo upande wa chujio la hewa hupitisha hewa, hivyo kuifungua hupunguza uzito wa mchanganyiko. Iliyo upande wa injini hupitisha petroli, na kuifungua huongeza. Hesabu mizunguko na uiandike kabla hujagusa. Na ukirudi kufanya kazi Himo au Same, rudisha kila kitu, maana mchanganyiko mwepesi kwenye joto la tambarare huchoma pistoni.

Pikipiki za nozeli

Hizi hujirekebisha kwa mwinuko zenyewe. Ukiwasha ufunguo, sikiliza pampu ndani ya tangi ikivuma sekunde mbili hivi. Kimya maana yake ni fyuzi, relei au pampu. Usiziendeshe tangi likiwa karibu tupu, kwa sababu nyingi pampu yake hupozwa na petroli. Zikianguka, sensa ya kuanguka hukata injini: isimamishe, zima ufunguo, subiri kidogo, washa upya. Taa ya injini ikibaki imewaka, isomwe kwa mashine kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Ikizima kwa joto na mlio mkavu

Injini ikianza kuwa nzito bila sababu huku ikitoa harufu ya chuma cha moto, bana klachi mara moja, wacha pikipiki ijiviringishe hadi pembeni. Pistoni imetanuka na kuanza kushika silinda. Usimwagie maji, alumini ya moto ikipata maji ya baridi hupinda au kupasuka. Usipige kiki. Iache dakika 40 au zaidi, hadi uweze kuweka kiganja kwenye silinda na kukiacha hapo.

Kisha pima oili mahali tambarare, siyo kwenye mteremko ambapo kijiti hudanganya. Injini hizi hubeba karibu lita moja tu, kwa hiyo upungufu wa robo lita ni mkubwa. Ongeza hadi alama ya juu, isizidi. Weka gia ya tatu, toa plagi, sukuma pikipiki mbele taratibu kwa mkono. Gurudumu la nyuma likizunguka na injini bila kukwaruza, rudisha plagi, iwashe, sikiliza dakika tano ikiwa sailensa, kisha geuza na ushuke bila mzigo, kwa mwendo mdogo, hadi gereji. Gurudumu likigoma, au ukihisi mkwaruzo hata mdogo, usilazimishe: itafutie kirikuu, ifunge ikiwa imesimama wima, koki imefungwa, na umwambie fundi afungue silinda kabla ya mtu yeyote kujaribu kuiwasha.